Kaa Chini ya Majivu

Shangazi yangu aliungua mkono kwa sababu ya neno moja, na neno hilo nililiandika mimi.

Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asije akadhani kwamba makala haya ni ya kumsimanga mtu mwingine. Sisi tunaojiita washairi na wapenzi wa Kiswahili tumezoea kuwanyoshea kidole wanaoiharibu lugha: watangazaji, wanasiasa, waandishi wa mabango. Safari hii kidole kinanirudia mwenyewe.

Shangazi anaishi Ng'ambo, mjini Tabora, katika nyumba yenye mwembe mkubwa uani na jiko la nje lililojengwa kwa matofali ya udongo. Kwa zaidi ya miaka 30 ameoka mikate ya kumimina na keki ndogondogo za kuuza, zote kwa mkaa. Yeye ndiye aliyenilea, na ada yangu ya shule ilitoka katika moshi wa jiko hilo. Mwaka juzi kifua kikaanza kumbana. Daktari alimwambia bila kuzungukazunguka: moshi basi. Tukachangishana, mimi na binamu zangu, tukamnunulia jiko la umeme la kusimama. Juu lina kioo cheusi chenye sehemu nne za kupikia. Chini lina oveni. Mbele lina vitufe na michoro midogo ambayo hata mimi sikuielewa kwa kuitazama tu.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa na lugha kumi na moja. Kiswahili hakikuwamo. Basi nikaona hapo pana kazi ya mtu kama mimi. Nilikaa majuma mawili usiku, nimezungukwa na kamusi, nikakitafsiri chote. Palipotajwa hewa ya moto inayozunguka nikaandika *myuko*. Palipotajwa joto linalorushwa kutoka juu nikaandika *mnururisho*. Ni istilahi halali za vitabu vya fizikia, na nilizifurahia kama mtu afurahiavyo vina vilivyokaa sawa. Nilikichapa kitabu hicho, kurasa 19, nikakitia jalada gumu, nikakituma pamoja na jiko.

Wiki ya tatu binamu yangu akanipigia simu. Shangazi ameungua vidole vinne na sehemu ya kiganja cha kulia. Alikuwa amekwisha kupika, amezima, kioo kimerudi weusi wake. Lakini pembeni palikuwa na herufi H nyekundu inayowaka. Akavaa miwani, akafungua kitabu changu, akatafuta H. Nilikuwa nimeandika hivi: *Kiashirio cha joto masalia*.

"Nikasoma *masalia*," aliniambia baadaye. "Nikajua jiko linaniambia kuna mabaki ya chakula. Nikachukua kitambaa kibichi nifute."

Nilipanda treni kwenda Tabora siku mbili baada ya simu ile.

Reli hiyo ilifika Tabora mwaka 1912, na kwa sehemu kubwa inakwenda upande ule ule zilikokwenda misafara ya zamani kutoka Bagamoyo. Mji wenyewe ulikuwa njiapanda ya Unyanyembe. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliuita Kazeh. Hapo njia iligawanyika, moja ikaelekea Ujiji na ziwa, nyingine ikapanda kaskazini. Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa kilo 30 hivi kichwani au begani. Uliozidi hapo ulining'inizwa kwenye mti na kuchukuliwa na watu wawili, ukaitwa mzegazega. Nilikuwa nikiwaza kwamba jiko letu, kwa uzito wake, lingekwenda kwa mzegazega.

Lakini wapagazi hawakuchukua nguo na shanga peke yake. Walichukua na majina. Kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Marekani kiliingia Unguja, kikavuka bahari, kikapanda bara, na kilipofika Tabora kilikuwa tayari kina jina: *merikani*. Kile cheusi cha rangi ya nili kikaitwa *kaniki*. Ushuru waliotozwa wasafiri na watawala wa Ugogo uliitwa *hongo*, na leo neno hilo hilo tunalitumia kwa rushwa. Hakuna baraza lililokaa kuyapitisha. Yalipita kinywani mwa aliyefunga mzigo, aliyeubeba, aliyeupokea na aliyeununua, na kila mmoja alikuwa na haki ya kulikataa neno lisilomfaa. Neno lililofika Tabora lilikuwa limekwisha kujaribiwa njia nzima.

Maneno yangu mimi yalitoka mezani Dar es Salaam yakaingia jikoni Ng'ambo bila kupita kinywani mwa mtu yeyote.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Umekuja kuuona mkono au kuliona jiko?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini? Kuungua ni sehemu ya upishi. Ila hicho kitabu chako, mwanangu, ulimwandikia nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimwandikia nani? Nadhani niliwaandikia nyinyi mnaonisoma hapa. Nilitaka mtu akikiona aseme: huyu bwana kaweza.

Kesho yake asubuhi tulivuta vigoda viwili tukaketi mbele ya jiko. Nilikuwa na kitabu changu na kalamu. Yeye alikuwa na mkono mmoja uliofungwa bendeji na mwingine mzima. Tukaanza na kitufe cha oveni, mchoro mmoja baada ya mwingine.

Mchoro wa kwanza ulikuwa kisanduku chenye mstari mmoja juu na mwingine chini. Mimi nilikuwa nimeandika: *Upashaji joto wa pande mbili wima*. Shangazi akautazama, akanitazama mimi.

"Si kupalia huku?"

Wenye kupika kwa mkaa watanielewa. Wali ukikaribia kukauka, mpishi hupunguza makaa ya chini, hufunika, kisha huweka makaa juu ya mfuniko, ili joto lishuke na kupanda. Huko ndiko kupalia. Mkate na keki za shangazi zilikuwa hivyo miaka yote: sufuria kubwa yenye mchanga, ndani yake chombo cha unga, chini makaa, juu makaa. Ilikuwa oveni kamili bila umeme. Mchanga ulishika joto na kuligawa taratibu, na makaa ya juu yalikausha uso wa mkate. Mashine hii kutoka ng'ambo ya bahari ilikuwa ikizungumza kitendo ambacho mwanamke huyu amekifanya maelfu ya mara, na katikati yao nikasimama mimi na *pande mbili wima*.

Nilikata maneno yangu kwa kalamu, nikaandika: *kupalia*.

Mstari wa chini peke yake: moto wa kawaida, wa kitu kilichoinjikwa. Unafaa pale mkate umeiva juu lakini kitako bado kibichi. Mstari wenye meno kama msumeno, juu peke yake: "Huku kubanika," akasema, "isipokuwa samaki yuko chini na moto uko juu." Nikamwongezea kwamba huo ni moto mkali usioachwa bila mtu, na kwamba chakula huwekwa karibu nao kwa dakika chache tu, kibabuke rangi. Akaitikia kwa kichwa. Hayo hakuhitaji kufundishwa.

Mchoro wa feni ndio uliotusumbua. "Hicho ni kipepeo," akasema, akimaanisha kile cha ukindu anachopepelea moto. Nilikuwa karibu kukubali, maana kwa asubuhi ile nilikuwa tayari kukubali kila alisemalo. Lakini hapo neno la nyumbani lingetudanganya. Kipepeo cha mkaa huongeza moto: ukipepea, makaa yanawaka zaidi. Feni ya oveni haiongezi moto, inaueneza. Inachukua hewa ya moto na kuizungusha ili trei ya juu na ya chini ziive pamoja. Na kwa sababu hewa hiyo inakigusa chakula pande zote, huiva upesi zaidi. Ndiyo maana mapishi yaliyoandikiwa nyuzi 180 bila feni hupikwa kwa nyuzi 160 hivi feni ikiwashwa. Nilimweleza hivyo, akafikiri.

"Basi si kipepeo. Ni moto wa kuzunguka."

Tukaandika *moto wa kuzunguka*. Ni *myuko* ule ule, na mwalimu wa fizikia aendelee kuuita hivyo darasani, maana huko neno hilo lina kazi yake. Jikoni lilikuwa mgeni asiyejua pa kukaa.

Zikabaki nyuzi zenyewe. Shangazi hajawahi kuoka kwa nyuzi. Hupeleka kiganja karibu na makaa, akahesabu kimoyomoyo, akajua. Basi nikawasha oveni, nikaacha ipande, naye kila mara akifungua mlango na kupeleka mkono wa kushoto mdomoni mwake. Alipofika mahali akasema: "Huu ni wa keki." Nikatazama kitufe: 180. Nikaweka alama kwa rangi ya kucha ya binti wa jirani. Tukaendelea hadi wa mkate, hadi wa kukausha tu. Kufikia adhuhuri kitufe kilikuwa na madoa matatu mekundu, na nambari hazikuhitajika tena.

Akaniuliza kuhusu taa ndogo inayowaka na kuzimika yenyewe. Alikuwa akidhani umeme unasitasita, na kila ikizimika alizima jiko na kuliwasha upya. Nikamwambia ile ni dalili kwamba oveni imefikia joto iliyoagizwa, ikapumzika. Ikipoa kidogo inaamka tena. Ndiyo maana oveni ya wati 2000 ikitumika saa nzima haili uniti mbili kamili, kwa kuwa sehemu ya saa hiyo imekuwa ikipumzika. Hilo la uniti lilimgusa kuliko yote. Akalirudia mara mbili ili alishike.

Mwisho tukafika kwenye H.

Nilieleza kwa uangalifu, kwani hapa ndipo nilipokosea. Chini ya kioo kuna waya unaokuwa mwekundu. Ukizima, wekundu unaondoka mara moja, lakini joto linabaki katika kioo kwa dakika nyingi. Jicho halioni kitu. Herufi ile inakaa hapo kukuonya mpaka kioo kipoe.

Shangazi alinyamaza, akautazama mkono wake uliofungwa.

"Kumbe ni kaa lililofunikwa na majivu," akasema. "Mbona hukusema?"

Mbona sikusema! Kila mtoto aliyekulia kwenye jiko la mkaa amekatazwa kukanyaga majivu. Kila mmoja wetu anajua kwamba makaa yaliyovaa weupe ndiyo yanayounguza, kwa kuwa hayajitangazi. Onyo lote lilikuwamo katika lugha yake, limelala na kusubiri kuitwa, nami nikalipita nikaenda kuazima *masalia*. Neno lenyewe si baya. Lakini mpishi anapolisikia huona makombo na ukoko, haoni moto.

Jioni tulikwenda kwa binamu yangu upande wa pili wa mji. Yeye ana vitu viwili ambavyo shangazi alikuwa akivikwepa. Kimoja ni jiko lile ambalo madukani huitwa indaksheni. Shangazi akaliwekea sufuria yake ya aluminiamu. Jiko likalia mara tatu, likakataa.

"Jiko hili lina madeko," akasema.

Lina sababu. Halina moto ndani yake. Lina koili ya waya ambayo nguvu yake ya sumaku inageuka upande maelfu ya mara kwa sekunde, na chombo cha chuma kikikaa juu yake kinapata joto chenyewe. Sufuria ndiyo inayokuwa moto. Kioo kinapata joto la kurudishiwa tu. Aluminiamu, shaba na chungu cha udongo haviitikii mwito huo, ila vikitiwa kitako cha chuma. Kipimo ni rahisi: chukua sumaku ndogo, iguse kwenye kitako cha sufuria, ikinata, jiko litaikubali. Nilimwona shangazi akiondoa sumaku iliyoshikilia kalenda kwenye friji ya binamu yangu na kuzunguka nayo kabatini, akipima sufuria moja baada ya nyingine. Zilizonata zilikuwa mbili. Tukaliita *jiko la sumaku*, na tangu hapo binamu yangu naye analiita hivyo.

Cha pili kilikuwa maikrowevu. Shangazi alikitazama kikizungusha bakuli la maharage, akaniuliza swali ambalo sijawahi kujiuliza kwa miaka yote niliyokitumia:

"Moto wake uko wapi?"

Hauko. Kuna mawimbi ya jamii moja na yale ya redio, yanayopenya chakula na kuyatikisa maji yaliyomo ndani yake, na mtikisiko huo ndio joto. Mhandisi Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon nchini Marekani aliligundua jambo hili mwaka 1945 akiwa kwenye kazi ya rada. Mashine za kwanza za kuuzwa zilikuwa na urefu wa mtu na uzito wa zaidi ya kilo 300, mzigo wa wapagazi kumi na zaidi. Sahani inazunguka kwa sababu mawimbi hayaangukii kila mahali sawasawa. Chombo cha chuma huyarudisha na huweza kutoa cheche. Na ukikitoa chakula, kiache kitulie kidogo, ili joto lisambae hadi katikati.

"Kwa hiyo kinapashwa na maji yake chenyewe," akasema. "Nikitia michembe mikavu?"

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, chakula cha akiba cha nyumba nyingi za Unyamwezi. Nikamwambia haitapata joto vizuri, na yaweza kuungua sehemu moja huku nyingine ikibaki baridi, kwa kuwa maji ni machache mno. Akacheka kwa furaha ya mtu aliyeishika kanuni. Jina lake la mashine ile ni *kipasha*. Sikumshindania. Wengine wataendelea kusema maikrowevu, na hilo nalo ni merikani ya zama zetu: limekuja na mzigo wake, limevaa irabu zetu, linaeleweka sokoni. Sina ugomvi na neno la kigeni linaloeleweka. Niliungulisha mtu kwa neno la Kiswahili lisiloeleweka.

Nayaandika haya kwa sababu jambo hili halitaishia jikoni kwa shangazi. Mwaka 2024 serikali yetu ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 kati ya kila 100 wawe wanatumia nishati hiyo. Watu wengi wanaoujua moto kwa mkono watakutana na moto usioonekana. Mitungi, vioo, vitufe na michoro itashuka katika vituo vyote vya njia ile ya zamani, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Mtu atahitajika kuwaambia kipi kinaunguza. Kama ni sisi, basi tusianze na kamusi. Tuanze na vitenzi vya moto ambavyo tayari tunavyo: kuinjika, kuepua, kupalia, kubanika, kubabua, kutokosa, kupasha, kufukiza. Katika ushairi tunavitumia kwa mapenzi na hasira. Tusisahau kwamba kazi yao ya kwanza ilikuwa kupika, na kwamba wanaovijua kuliko sisi wako uani, hawajaulizwa.

Kabla sijaondoka, shangazi aliniomba nimwandikie karatasi moja tu, kwa herufi kubwa, aibandike ukutani. Na kwa kuwa ananijua, akaongeza: "Ukitaka, kitie vina. Kitu chenye vina sikisahau." Huu ndio ubeti wenyewe. Sijawahi kuandika wenye manufaa zaidi ya huu, na nusu ya maneno yake si yangu:

*Mstari ukiwa chini, ni moto wa kuinjika,*
*Ukipanda kileleni, ni moto wa kubanika,*
*Yote miwili oveni, ni wali wa kupalika,*
*Herufi i kiooni, kaa halijazimika.*

Mkono umepona, ingawa kidole cha shahada kimebaki na ngozi inayong'aa. Anaoka kila siku kasoro Ijumaa, na kifua kinampa nafasi. Nikimpigia simu jioni huniambia anasubiri kaa lizimike ili afute jiko, nasi huzungumza mpaka herufi itoweke.

Kile kitabu changu cha kurasa 19 bado anacho. Jalada lake gumu linastahimili joto vizuri, na ndicho anachowekea sufuria akiiepua.